Kielekezi Kipi Kimesema? Utatuzi wa Matatizo ya Vielekezi katika Visoma Skrini

Mtumiaji asiyeona anapolalamika kwamba kompyuta yake imeganda, mara nyingi kompyuta haijaganda hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba sauti anayoisikia inatoka mahali pamoja, na vitufe anavyovibonyeza vinafanya kazi mahali pengine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, na kuwafundisha wengine kukitumia, na nimeona watu wakiwasha upya mashine, wakifuta programu na kuzisakinisha tena, na hata kukata tamaa ya kompyuta kabisa, kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kubonyeza vitufe viwili. Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, swali la kwanza liwe hili: sauti niliyoisikia sasa hivi imetoka kwenye kielekezi kipi?

Maelezo haya yanafuata zaidi NVDA, kisoma skrini cha bure kinachofanya kazi kwenye Windows, na yanagusia JAWS, kisoma skrini kingine cha Windows, pale inapotofautiana nayo. Kitufe cha NVDA, kinachoshikiliwa pamoja na vingine kutoa amri, ni Insert, au Caps Lock ikiwa umeiruhusu katika mipangilio. Amri nitakazotaja ni za mpangilio wa kibodi ya mezani, na tarakimu na alama za hesabu ninazotaja ni za kibodi ndogo ya namba iliyo upande wa kulia, isipokuwa pale nitakaposema wazi kwamba ni za safu ya juu.

Vielekezi vyenyewe

Fokasi ni mahali ambapo Windows yenyewe inapeleka kila kitufe unachobonyeza: batani iliyochaguliwa, faili lililochaguliwa, au sehemu ya kuandikia iliyo wazi. Ndani ya sehemu ya kuandikia kuna kielekezi cha kuandikia, ambacho mtu anayeona hukiona kama kijistari kinachowaka na kuzima. Hivi viwili ni mali ya Windows, na vitakuwepo hata kisoma skrini kikizimwa.

Vinavyofuata ni mali ya kisoma skrini. Kielekezi pepe hutembea ndani ya ukurasa wa wavuti, ambao kisoma skrini huupanga kama waraka ulionyooka ili usomwe mstari kwa mstari. Kielekezi cha vipengele hutoka kipengele kimoja cha dirisha kwenda kingine bila kuhamisha fokasi, na kielekezi cha mapitio husoma maandishi ya kipengele hicho kwa mstari, neno au herufi. Hatimaye kuna kielekezi cha kipanya, ambacho wengi wetu hukisahau mpaka kinapoanza kusema chenyewe.

Chanzo cha wingi huu ni cha zamani. JAWS ya kwanza, aliyoianzisha Ted Henter mwaka 1989, ilifanya kazi kwenye DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, ambako skrini ya kawaida ilikuwa na mistari 25 yenye nafasi 80 za herufi kila mmoja. Programu ilikuwa na kielekezi chake, na kisoma skrini kikahitaji kielekezi cha pili cha kuzungukia skrini nzima bila kuvuruga kazi iliyokuwa ikiendelea. Mgawanyo huo haujaondoka. Mpaka leo JAWS inaita kielekezi kimoja cha PC na kingine cha JAWS, na anayejua sababu hiyo hapati shida kuelewa kwa nini vinaweza kuachana.

Kipimo cha kwanza

Unapopotea, uliza maswali matatu mfululizo. NVDA+Tab hutaja kilicho na fokasi. NVDA+5 hutaja kipengele kilicho chini ya kielekezi cha vipengele. Tarakimu 8 peke yake husoma mstari ambao kielekezi cha mapitio kimesimama. Ikiwa jibu la kwanza linazungumzia batani ya kuhifadhi, na jibu la pili linazungumzia upau wa menyu, umeshapata ugonjwa: vielekezi vimetengana. NVDA pamoja na alama ya kutoa ya kibodi ya namba hurudisha kielekezi cha vipengele na cha mapitio pale fokasi ilipo, na kwa maoni yangu hii ndiyo amri ambayo mwanafunzi angefundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya amri za kusoma.

Hapa kuna tahadhari moja. Ndani ya ukurasa wa wavuti, NVDA+Tab inaweza kutaja kitu tofauti na mstari unaousoma kwa vitufe vya mishale, na hilo si kosa. Kwa mpangilio wa kawaida, kielekezi pepe hakiburuti fokasi kila kinapopita juu ya kiungo. NVDA huisogeza fokasi pale tu inapohitajika, kwa mfano unapobonyeza Enter au Tab.

Dalili: unaandika, lakini ukurasa unarukaruka

Umefika kwenye sehemu ya kuandikia katika ukurasa wa wavuti, unaandika neno "heri", na badala ya herufi nne unasikia kichwa cha habari, kisha sehemu ya kuandikia, kisha batani ya kuchagua kimoja, kisha kipengee cha orodha. Hakuna kilichoharibika. Uko katika hali ya kuvinjari, ambamo H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, E kwenye sehemu ya kuandikia, R kwenye batani ya kuchagua na I kwenye kipengee cha orodha. Kielekezi pepe kimezichukua herufi zako kuwa amri.

Tiba ni kurudi kwenye sehemu ya kuandikia na kubonyeza Enter, au kubonyeza NVDA+Spacebar, ili kuingia katika hali ya fokasi ambamo vitufe vyote hupelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa. NVDA hutoa mlio mmoja inapoingia hali ya fokasi na mlio mwingine inaporudi hali ya kuvinjari. Ukizoea kuitofautisha milio hiyo miwili, nusu ya matatizo ya sehemu hii hayatakufikia tena.

Linalowachanganya watu zaidi ni kwamba wakati mwingine hali hubadilika yenyewe na wakati mwingine haibadiliki, mpaka wakaamini kwamba programu ina kasoro. Sababu inaeleweka. Kwa mpangilio wa kawaida, ukiifikia sehemu ya kuandikia kwa Tab, fokasi imehama na NVDA huingia hali ya fokasi yenyewe. Lakini ukiifikia kwa vitufe vya mishale, kielekezi pepe ndicho kilichohama, na NVDA hudhani kuwa bado unasoma. Mambo haya mawili yana mipangilio miwili tofauti katika kundi la hali ya kuvinjari, na la pili huja likiwa limezimwa. Mimi nashauri libaki limezimwa. Anayesoma fomu ndefu kwa mishale angenaswa kwenye kila sehemu ya kuandikia kabla hajamaliza hata kujua fomu inauliza nini.

Katika JAWS hali hii inaitwa hali ya fomu. Unaingia kwa Enter na kutoka kwa alama ya kujumlisha ya kibodi ya namba. Insert+Z huwasha na kuzima kielekezi pepe chenyewe, na ikiwa ukurasa mzima umekataa kusomeka kwenye JAWS, hapo ndipo pa kuangalia kwanza, kwa sababu ni rahisi kuigusa bila kukusudia.

Dalili: mishale haisomi ukurasa tena

Hili ni kinyume cha lililotangulia. Unabonyeza mshale wa chini na unabaki mahali pamoja, au unasikia machaguo ya kisanduku kimoja tu yakijirudia, na H haikupeleki kwenye kichwa cha habari chochote. Umebaki katika hali ya fokasi. Ikiwa NVDA iliingia humo yenyewe, Escape itakutoa. Ikiwa uliingia kwa mkono wako kwa NVDA+Spacebar, Escape haitoshi. Bonyeza NVDA+Spacebar tena. Watu wengi hubonyeza Escape mara kumi wakidhani kibodi imekufa, kumbe NVDA inaheshimu uamuzi wao wenyewe wa awali.

Iwapo mishale inasoma vizuri lakini herufi za kurukia hazifanyi kazi, sababu ni nyingine: urambazaji wa herufi moja umezimwa, na NVDA+Shift+Spacebar itaurudisha. Na iwapo ukurasa wenyewe umejengwa kama programu kamili, kama vile barua pepe au lahajedwali ya mtandaoni, waliouunda wanaweza kuwa wamekiambia kisoma skrini kwamba sehemu hiyo ni programu, si waraka. Hapo hali ya fokasi ni ya makusudi, na ukurasa unatarajia utumie amri zake. Zitafute amri hizo katika msaada wa ukurasa kabla ya kujaribu kulazimisha hali ya kuvinjari.

Dalili: unasikia kitu kimoja, Enter inafungua kingine

Kati ya dalili zote, hii ndiyo yenye hatari, nami nitakaa hapa kidogo zaidi. Mtumiaji anatembeza kielekezi cha vipengele ndani ya dirisha, anafika kwenye batani anayoitaka, analisikia jina lake waziwazi, anabonyeza Enter, na dirisha linafungwa. Enter haikusikiliza kielekezi cha vipengele. Enter, Spacebar, Delete na vitufe vyote vya kawaida huenda kwenye fokasi, na fokasi ilikuwa imebaki kwenye batani ya kughairi muda wote huo.

Nimewahi kufuta faili ambalo sikulikusudia kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nikipitia orodha kwa kielekezi cha vipengele, nikasikia jina la faili la zamani, nikabonyeza Delete, na lililoondoka ni lile lililokuwa na fokasi, kazi ya siku mbili. Lilipatikana kwenye kikapu cha takataka, lakini tangu hapo sifuti chochote bila kubonyeza NVDA+Tab kwanza.

Tiba ni tatu, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni kutumia amri ya kielekezi chenyewe: NVDA+Enter ya kibodi ya namba huamsha kipengele kilicho chini ya kielekezi cha vipengele, bila kujali fokasi iko wapi. Ya pili ni kuileta fokasi: NVDA+Shift pamoja na alama ya kutoa, mara moja, huisogeza fokasi kwenye kipengele hicho, na ukiibonyeza mara mbili kwa haraka hukisogeza kielekezi cha kuandikia pale kielekezi cha mapitio kilipo, jambo linalofaa sana unapokuwa umeona kosa katikati ya maandishi marefu na unataka kwenda kulisahihisha bila kuhesabu herufi. Baada ya kuileta fokasi, hakikisha kwa NVDA+Tab, kwa sababu si kila kipengele kinakubali kupokea fokasi. Maandishi ya kawaida na picha nyingi hazikubali.

Ya tatu ni kipanya. Ikiwa kipengele kinakataa njia mbili za kwanza, NVDA pamoja na alama ya kugawanya hupeleka kielekezi cha kipanya juu ya kipengele hicho, kisha alama ya kugawanya peke yake hubofya kitufe cha kushoto, na alama ya nyota hubofya cha kulia. Nimeiweka mwisho kwa sababu kipanya hubofya nukta ya skrini, si kipengele. Dirisha jingine likiwa limejitokeza juu, utabofya hilo dirisha.

Katika JAWS mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Alama ya kutoa huwasha kielekezi cha JAWS, na alama ya kujumlisha hurudisha cha PC. Insert pamoja na alama ya kutoa hukileta kielekezi cha JAWS kilipo cha PC, na Insert pamoja na alama ya kujumlisha hufanya kinyume. Kosa la kawaida huko ni kusahau kurudi: mtu amewasha kielekezi cha JAWS kusoma ujumbe fulani, kisha anaendelea kubonyeza mishale akidhani anatembea ndani ya waraka wake, na mishale hiyo inazunguka skrini tu.

Dalili: mapitio yanaishia baada ya neno moja

Unabonyeza 9 ili kusoma mstari unaofuata, na NVDA inakwambia kwamba umefika mwisho, ingawa unajua skrini imejaa maandishi. Wanaohama kutoka kisoma skrini cha zamani hushangazwa na hili kuliko jambo lolote. Kielekezi cha mapitio, kwa kawaida, husoma maandishi ya kipengele kimoja tu. Ikiwa kipengele ni batani, maandishi yake ni jina la batani, na mapitio huishia hapo.

Una njia mbili. Unaweza kubadilisha upana wa mapitio kwa NVDA+7 ya kibodi ya namba, ambayo hukutoa kwenye mapitio ya kipengele kwenda mapitio ya waraka au ya skrini, kadiri yanavyopatikana, NVDA+1 hukurudisha. Au unaweza kubaki kwenye mapitio ya kipengele na kutembea kati ya vipengele. Vipengele vya dirisha vimepangwa kama ukoo: dirisha ni mzazi, ndani yake mna makundi, na ndani ya makundi mna batani na maandishi. NVDA+8 hupanda kwa mzazi, NVDA+2 hushuka kwa mtoto wa kwanza, NVDA+4 na NVDA+6 hupita kwa ndugu wa kushoto na wa kulia. Anayebonyeza NVDA+6 na kuambiwa hakuna kinachofuata hajafika mwisho wa dirisha. Amefika mwisho wa ndugu wa tawi lile. Apande kwa mzazi, ahamie kwa ndugu wa mzazi, kisha ashuke tena.

Kwa nini mapitio ya skrini yenyewe huwa tupu katika baadhi ya programu, na kwa nini kielekezi cha JAWS husema hakuna kitu mahali ambapo rafiki anayeona anasoma aya nzima? Njia hizo hutegemea kunasa maandishi wakati Windows inapoyachora kwa utaratibu wake wa zamani. Programu nyingi za sasa hujichorea kwa njia nyingine, kwa hiyo hakuna kinachonaswa. Usihangaike na mipangilio. Hakuna mpangilio utakaorudisha kilichokwisha kuondoka. Tumia urambazaji wa vipengele, ambao kwenye JAWS unapatikana kupitia kielekezi cha mguso, kinachowashwa kwa Shift na alama ya kujumlisha.

Dalili: mapitio yamekwama kwenye dirisha la zamani, au yanakimbia

Umehama programu, lakini 8 bado inasoma mstari wa programu uliyoiacha. Ufuatiliaji umezimwa. NVDA+7 ya safu ya juu huamua kama kielekezi cha vipengele kifuate fokasi, na NVDA+6 ya safu ya juu huamua kama kielekezi cha mapitio kifuate kielekezi cha kuandikia. Kufanana kwa amri hizi na zile za kibodi ya namba ndiko kunakosababisha watu kuuzima ufuatiliaji bila kujua: mkono ulilenga kubadilisha mapitio, ukagusa 7 ya juu.

Kinyume chake, kielekezi kikikimbia kila mara unapotaka kusoma sehemu ya dirisha ambayo fokasi yake inahamahama, zima ufuatiliaji kwa muda huo, soma, kisha uuwashe tena.

Dalili: tarakimu zinaandikika badala ya amri

Num Lock imewashwa. Izime. Ikiwa kompyuta ni ya mapajani na haina kibodi ya namba, fungua mipangilio ya kibodi kwa NVDA+Control+K na uchague mpangilio wa kompyuta ya mapajani. Humo vipengele hutembelewa kwa NVDA+Shift na mishale, kipengele huamshwa kwa NVDA+Enter, na kurudi kwenye fokasi ni NVDA+Backspace. Kumbuka kwamba amri zote zilizotajwa hapo juu kwa kibodi ya namba zina wenzao huko, na NVDA+1 ya safu ya juu huwasha msaada wa vitufe, ambao hutaja kazi ya kila kitufe bila kukitekeleza.

Dalili: kimya katika programu moja tu

Kimya cha kila mahali ni suala la sauti. Huenda usemaji umezimwa, na NVDA+S, ambayo hubadilisha hali ya usemaji kila unapoibonyeza, itaurudisha. Kimya cha programu moja kina sababu zake. Huenda umeiweka NVDA katika hali ya usingizi kwa programu hiyo, na NVDA+Shift+S, au NVDA+Shift+Z kwenye mpangilio wa mapajani, itaiamsha. Huenda programu inaendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, na wewe unatumia nakala ya NVDA ya kubebeka ambayo haijasakinishwa. Windows hairuhusu nakala hiyo kuingia humo, na dawa ni kuisakinisha. Au huenda unachokikabili ni picha, kama inavyokuwa unapotazama kompyuta ya mbali iliyotumwa kama taswira tupu. Hapo hakuna kielekezi kitakachopata neno, lakini NVDA+R itajaribu kutambua maandishi ndani ya picha iliyo chini ya kielekezi cha vipengele na kukuwekea uyasome, Escape hukutoa. Ukurasa wa wavuti unaosoma taarifa zilizopitwa na wakati ni jambo jepesi zaidi: NVDA+F5 huupanga upya.

Sauti inayojitokeza bila kuulizwa, hasa kwenye kompyuta ya mapajani, kwa kawaida ni kiganja kinachogusa padi ya kipanya. NVDA+M huzima usomaji wa kile kilicho chini ya kipanya.

Yakishindikana yote

Anzisha NVDA upya kwa Control+Alt+N, usianzishe kompyuta. Tatizo likirudi, bonyeza NVDA+Q na uchague kuanza bila viongezo, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye NVDA. Viongezo vingi hubadilisha amri za vielekezi, na kimoja kinatosha kuharibu mfuatano wote. Ukilazimika kuomba msaada kwa mtu mwingine, usimwandikie kwamba NVDA haisomi. Mwandikie jina na toleo la programu, ulichobonyeza, ulichosikia neno kwa neno, kisha majibu ya NVDA+Tab, ya NVDA+5 na ya 8, kwa mpangilio huo.